Nani Hajaja Leo?

Kabla hajaonekana, alisikika. Vikombe viwili vya kahawa, vidogo, visivyo na mkono, vikigongana kiganjani mwake kwa mlio mkavu wa harakaharaka, na mlio huo ukikata kona ya mtaa kabla yake. Watoto wa Kariakoo ya miaka ya themanini tuliujua kuliko kengele ya shule. Ukisikika, aliyekuwa akicheza gololi aliziokota, na mimi nilikimbilia uani kumwambia bibi kwamba sinia la kashata litoke.

Mzee yule tulimwita babu wa kahawa. Mkono mmoja vikombe, mkono mwingine dele la shaba lenye jiko dogo la mkaa chini yake. Alifika barazani kwetu baada ya sala ya alasiri, akaweka dele chini, akafuta uso kwa kanga kuukuu aliyoitundika begani, na sisi watoto tukamletea ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe. Kisha alifanya jambo ambalo wakati ule nililiona la kawaida kabisa. Kabla ya kumimina kikombe cha kwanza aliinua macho, akawatazama waliokaa mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu mwenye daftari la mahudhurio, halafu akauliza: “Nani hajaja leo?”

Nimeishi miaka mingi tangu nilipolisikia swali hilo mara ya mwisho. Nimekunywa kahawa katika miji kadhaa, nyingine nzuri kuliko ile. Swali lenyewe sijalisikia tena.

Nyumba ya babu yangu ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyingi mtaani: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, uani nyuma, na mbele baraza. Baraza lilikuwa la saruji, limeng'aa kwa kukaliwa. Hapakuwa na kibao wala bei iliyobandikwa, na hakuna aliyewahi kulipa kodi ya kukaa pale. Lilikuwa mali ya babu kwa hati, na mali ya mtaa kwa desturi.

Kiswahili kina hekima yake katika neno hilo. Baraza ni pale pa kukaa mbele ya nyumba, na baraza ni mkutano wa wenye mamlaka. Tunasema Baraza la Mawaziri, Baraza la Wazee, Baraza la Idi, na tunasema nimemkuta kakaa barazani anakunywa kahawa. Lugha haikuona haja ya kutafuta maneno mawili. Ilijua kwamba watu wakishakaa pamoja mahali pamoja kila siku, tayari wanaendesha jambo, hata kama wanadhani wanacheza bao tu. Na angalia neno mkahawa, ambalo wengine tunalitamka mgahawa. Hata pale panapouzwa wali na maharage bila tone la kahawa, jina limebaki la kahawa.

Kahawa ya barazani haikutiwa sukari. Ilichemshwa muda mrefu na tangawizi, ikaja nyeusi na chungu, ya moto kiasi kwamba kikombe kilishikwa kwa ncha za vidole. Utamu ulikaa mkono wa pili: kipande cha kashata. Bibi aliyeyusha sukari taratibu mpaka ikageuka rangi ya asali, akatia karanga alizozikaanga na kuzipepeta maganda, akanyunyiza iliki, akamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, akakata kwa kisu kabla haijakauka. Ikichelewa dakika mbili inavunjika ovyo, ikiwahiwa inanata. Nilipomuuliza kwa nini wasitie tu sukari ndani ya kahawa, alinijibu kwamba uchungu ukifichwa mtu haujui, na asiyejua uchungu hajui amekunywa nini. Nilidhani anaongea habari za kahawa.

Barazani palikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Anayekuja ndiye anayesalimu. Mdogo huinuka mkubwa akifika, na mkubwa husogea ili mdogo naye apate pa kuegemea. Kikombe si chako: unakunywa, unarudisha, kinasuuzwa, kinapewa mwingine. Tajiri mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Kongo alinywea kikombe kilekile alichonywea mpagazi wa sokoni, na aliyefika wa kwanza ndiye aliyemiminiwa wa kwanza. Bao lilipotandikwa, mashimo yake thelathini na mawili na kete sitini na nne hazikuuliza cheo cha mtu. Nilimwona hakimu mstaafu akifungwa na fundi baiskeli jioni tatu mfululizo, akirudi ya nne akiwa amenyamaza, amejifunza.

Na kulikuwa na redio. Taarifa ya habari ya Radio Tanzania ilisikilizwa kimya, kisha ikajadiliwa kwa sauti. Matangazo ya Kiswahili ya BBC, ambayo wazee wale waliyasikiliza tangu yalipoanza mwaka 1957, yalitumika kama shahidi wa pili. Jambo likisemwa na redio zote mbili lilikubaliwa. Likisemwa na moja, lilingoja. Leo ninapoona habari isiyo na baba wala mama ikizunguka simu elfu ndani ya dakika tano, namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akiinua kidole na kusema, “Tungoje ya pili.”

Mzee mwingine, Mhaya aliyestaafu kazi bandarini, alikuwa akitucheka sisi watu wa pwani kwa kudhani kahawa ni ya kunywa tu. Kwao Bukoba, alisema, kahawa hutafunwa. Tunda huchumwa, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni akiingia hupewa punje mkononi kabla hajaulizwa shida yake. Zamani, watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walichukua tunda moja la kahawa, kwa kuwa ndani yake hukaa mbegu mbili zikitazamana, kila mmoja akapaka mbegu yake damu yake, wakabadilishana, wakameza. Mzee yule alitoa punje mbili mfukoni, akaziunganisha bapa kwa bapa, akatuonyesha zinavyoshikana. Kwa hiyo, kabla kahawa haijawa biashara ya kuuzwa ng'ambo, ilikwisha kuwa njia ya kusema: sasa wewe ni wangu, na mimi ni wako.

Sasa niseme kisa ambacho kimenifanya niandike.

Miongoni mwa wakaaji wa kila siku alikuwepo mzee mstaafu wa reli, mtu wa Tabora, aliyepanga chumba kimoja mtaa wa pili. Hakuwa na mke wala mtoto mjini. Hakuwa msemaji, alikaa mwisho wa baraza, akanywa vikombe viwili, akala kashata mbili, akaondoka kabla ya magharibi. Jioni moja babu wa kahawa aliuliza swali lake, mtu akajibu kwamba huyo wa reli hajaja, mwingine akatania kwamba labda amepata mchumba. Wakacheka, mazungumzo yakaendelea. Kesho yake swali likaulizwa tena, na kabla hajajibu mtu, sauti ya bibi ikatoka dirisha la chumba cha mbele, pale alipokuwa akikaa nyuma ya pazia akishona: “Huyo hata jana kashata zake mbili zilirudi na sinia.”

Hakuna aliyetania. Bao liliachwa kete zikiwa ndani. Watu wanne waliondoka, na mimi mtoto nikawafuata nyuma kwa mbali. Waligonga mlango, kimya. Wakauvunja. Walimkuta sakafuni, mwili upande mmoja umekufa ganzi, midomo imekauka, macho yako hai. Walimbeba kwa mlango uleule waliouvunja, mpaka barabarani, wakamtia kwenye pikapu ya mwenye duka. Daktari aliwaambia kwamba usiku mmoja zaidi asingeuvuka. Aliishi miaka sita baada ya hapo, akitembea kwa mkongojo, akikaa mwisho uleule wa baraza.

Watu walipomshukuru babu wa kahawa kwa kuuliza, yeye alishangaa. Alisema, “Hapa namimina watu kumi na wanne. Kahawa ikibaki, najua kuna mtu.”

Nimeyatafakari maneno hayo kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakusema kwamba anawapenda watu. Hakusema habari za utu wala ujamaa. Alisema habari za kahawa iliyobaki. Lakini ndani ya hesabu hiyo ya biashara ndogo mlikuwa na jambo ambalo serikali haiwezi kulitunga sheria wala fedha haiwezi kulinunua: kulikuwa na mahali ambapo kutokuwepo kwako kulionekana.

Wenye nguvu wamelijua hilo siku nyingi. Kahawa ilitoka nyanda za Ethiopia, ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen, ambako masufi waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku. Mwaka 1675 mfalme Charles II wa Uingereza alitoa amri ya kufunga nyumba zote za kahawa nchini mwake, na baada ya siku chache, kwa kelele za watu, akaiondoa. Waliogopa nini? Hawakuogopa kinywaji. Waliogopa watu waliokaa, wanaojuana, wanaoulizana. Hata sisi, tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilipozaliwa katika mtaa ulioitwa New Street, ambao leo ni Lumumba, kilizaliwa mwendo mfupi kutoka baraza letu, katika mji uliokuwa na mazoea ya kukaa na kusemezana. Babu aliniambia kwamba habari za chama kipya yeye alizipata juu ya kikombe, na aliyempa alimsogezea kwanza kashata.

Furaha na misiba ilipita palepale. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, Kariakoo nzima haikulala. Stella ya Abidjan ikaja Dar es Salaam, ikashinda mabao mawili kwa sifuri. Jioni ile nilipeleka sinia kwa watu wazima waliokuwa wakilia bila kuficha nyuso. Mzee mmoja wa Yanga, ambaye kwa miaka yote alikuwa mshabiki mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliinuka, akamwambia babu wa kahawa awamiminie watu wote wa Simba, akasema, “Leo msiba ni wenu, kahawa ni yangu.” Na Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki, watu walitoka nyumbani mwao, kila mmoja ana redio yake, wakaja kuisikiliza ya barazani. Hapakuwa na haja ya redio ile. Palikuwa na haja ya kuisikia habari ile huku bega la mtu mwingine liko karibu. Babu wa kahawa hakupokea senti siku ile.

Sitaki kupamba. Baraza lile lilikuwa la wanaume. Bibi yangu aliyeshona nyuma ya pazia, aliyejua nani kala kashata ngapi, aliyeokoa roho ya mtu kwa sentensi moja, hakuwahi kukaa pale hata siku moja. Kinamama walikuwa na vijiwe vyao, uani, kwenye ususi, kwenye foleni ya bomba, lakini maamuzi ya mtaa yalipita mbele ya nyumba, si nyuma yake. Nilipofaulu kwenda shule ya bweni, wazee walijadili barazani kama inafaa mtoto wa kike apelekwe mbali. Walijadili kwa upendo, nakiri. Lakini nilisimama mbele yao na sinia mkononi, na hakuna aliyegeuka kuniuliza mimi. Mabinti walipimwa mwendo wao kutoka pale, na umbea ulivaa kanzu ya nasaha.

Na mahali panapounganisha watu panaweza pia kuwatenga. Ndugu zetu wa Zanzibar walilijua hilo kwa machungu baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, mabaraza yalipogawanyika, hili la CCM, lile la CUF, na watu waliokuwa wakichangia dele moja wakafika mahali pa kususiana harusini na hata mazikoni. Kijiwe hakina wema wa kuzaliwa nao. Kina wema wa wale wanaokikalia, na ubaya wao.

Kwa hiyo sitamani wakati ule urudi kama ulivyokuwa. Natamani kitu kimoja kutoka ndani yake.

Babu alifariki, kisha bibi. Mwaka 2004 warithi walikaa, wakauza kiwanja, kama walivyouza jirani zetu wengi. Leo limesimama pale ghorofa lenye fremu za maduka kuanzia chini, na mbele, palipokuwa na baraza, pamewekwa maboksi ya bidhaa. Simlaumu aliyenunua, wala sisi tuliouza. Kulikuwa na ada za shule, kulikuwa na wagonjwa. Kila mrithi alipata fungu lake. Mmoja akajenga Mbagala, mwingine Tabata, mwingine akavuka Kigamboni, mimi nikaishia Chanika. Mirathi iligawa nyumba ikagawika. Baraza halikugawika. Halikuwa kwenye hati, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba limepotea, na babu wa kahawa, ambaye hakuwa mrithi wa mtu, hakuna aliyemwita kikaoni. Sikujua hata alihamia mtaa gani. Mimi, niliyemtekea maji ya ndoo kwa miaka kumi, sikuuliza.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na nitalirudia baadaye.

Kwa miaka miwili nilikuwa na mazoea ya kwenda mkahawa mmoja wa kisasa, upande wa mjini, kila Jumamosi asubuhi. Mahali pazuri. Kiyoyozi, muziki wa taratibu, viti vya ngozi, kahawa yetu wenyewe ya Kilimanjaro, ambako wamisionari waliupanda mbuni mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na Wachagga wakaufanya mti wa ada na mahari na mabati. Kikombe kimoja kwa shilingi elfu sita. Nilikaa meza ileile ya pembeni na kompyuta yangu, nikafanya kazi zangu za uhasibu kwa utulivu. Wengine nao walikaa na kompyuta zao, masikio yamezibwa kwa vipokea sauti. Nilipapenda.

Kisha nikafanyiwa upasuaji, nikalala nyumbani wiki saba. Jumamosi ya kwanza niliyoweza kutembea nilikwenda, na njiani niligundua kwamba nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na jibu langu mdomoni, la mtu atakayeuliza nilikuwa wapi. Kijana mpole wa kaunta alinikaribisha kwa tabasamu, akachukua kikombe cha karatasi na kalamu, akaniuliza jina langu, ili aliandike. Kisha akaniuliza linaandikwaje.

Hakunikosea kitu. Alifanya kazi yake vizuri, na mwenye mkahawa hakuwahi kuniahidi zaidi ya kahawa nzuri. Lakini nilipokaa na kikombe kile, jina langu likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa, nilivikumbuka vikombe vya babu wa kahawa vilivyopita midomo kumi na minne bila jina hata moja, na yeye akimjua kila mtu.

Nilikaa nikijihurumia kwa muda. Halafu nikatazama kulia na kushoto, nikajiuliza swali ambalo lilipaswa kunijia mapema. Kwa miaka miwili meza ya dirishani ilikaliwa na bwana mmoja wa makamo mwenye miwani, kila Jumamosi, kabla yangu. Siku ile meza ile ilikuwa tupu. Tangu lini? Yuko wapi? Sikujua. Sikuwahi hata kumsalimu. Nilikuwa nimekasirika kwa kutoulizwa, na mimi mwenyewe sijamuuliza mtu.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimekikumbuka kijiwe kwa upande mmoja. Nilikikumbuka kama mahali ambapo watu watakuona. Nilisahau kwamba hapakuwa na mashine ya kuona pale. Palikuwa na mzee mmoja anayeinua macho, na mama mmoja nyuma ya pazia anayehesabu kashata. Wengine wote tuliishi ndani ya uangalifu wa hao wawili kama samaki ndani ya maji, bila kujua kwamba ni kazi ya mtu. Na siku walipoondoka, tulilaumu ghorofa, tukalaumu televisheni, tukalaumu foleni na simu. Zina sehemu yake. Lakini hata simu haina kosa peke yake. Kundi la ukoo wetu lina watu sitini na zaidi, wanatumiana dua na picha usiku na mchana. Tofauti ni kwamba mle kimya cha mtu hakina umbo. Barazani kimya kilikuwa na umbo: nafasi ya makalio mawili, mwisho wa benchi la saruji, na vipande viwili vya kashata vilivyorudi.

Mwaka jana nilikwenda Unguja kwa msiba, na jioni baada ya hitma nilitembea Mji Mkongwe mpaka Jaws Corner, ile njia panda iliyopewa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Dele lilikuwepo. Kashata zilikuwepo. Wazee walikuwepo, wakibishana habari ya bei ya mafuta. Nilisimama pembeni, mwanamke peke yangu, nikitaka kuona tu. Mzee mmoja, bila kukatisha hoja yake, aliwagusa wenzake begani akasema, “Sogeeni, mama akae.” Wakasogea wote, kila mtu kidogo, benchi zima, na nafasi ikapatikana pale ambapo sekunde moja nyuma haikuwepo. Nilikunywa vikombe viwili. Nilifikiri habari za bibi. Kusogea kule kungemgharimu nini babu yangu na wenzake, miaka ile? Upana wa kiganja kwa kila mtu. Na bibi angekaa.

Niliporudi Chanika nilimwita fundi, akaniwekea benchi la saruji nje ya ukuta wangu, upande wa barabarani. Aliniuliza kwa nini nisiliweke ndani ya geti, kwenye usalama. Nikamwambia ndani ya geti ni kiti, nje ndipo panaitwa baraza. Sina dele, natumia chupa ya chai. Kahawa naipika mwenyewe na tangawizi, kashata nakata kama bibi, na zinavunjika mara nyingi kuliko zake. Ni Jumapili tu, kuanzia saa kumi jioni, maana siku nyingine sote tumo ndani ya daladala.

Jumapili tatu za kwanza nilikaa na mlinzi wa jirani. Ya nne wakaja vijana wawili wa bodaboda, wakauliza bei, nikawaambia wakae kwanza. Kisha mwalimu mstaafu. Kisha mama wawili waliokuwa wakipita kutoka kanisani, na wa tatu aliyekuwa akitoka kuchota maji. Wanaume walipoona kinamama wamekaa, wengine walisita, kisha wakasogea. Sasa ni watu kumi na mmoja, wakati mwingine kumi na watatu. Hatuamui mambo makubwa. Tumezungumzia taa ya barabarani iliyokufa, mtaro, mtoto wa jirani aliyeacha shule. Kijana mmoja wa bodaboda ananifunza drafti kwa vizibo vya soda, na bado hajanionea huruma.

Majuma mawili yaliyopita, watu walipokwisha kutawanyika, niliinua chupa nikaisikia nzito. Nikaitikisa. Ndani mlikuwa na kikombe, au kikombe na nusu. Kwenye sinia kashata mbili.

Nilisimama pale gizani nikihesabu nyuso kwa vidole. Mwalimu alikuwepo. Bodaboda wote wawili. Mlinzi. Mama wa kanisani na mwenzake. Nilipofika kwa yule mama anayeuza mkaa penye kona, yule anayependa kukaa karibu na mguu wa benchi na kuongea kwa nadra, kidole kilibaki juu. Nilijaribu kukumbuka kama alikuwepo Jumapili iliyotangulia, nikaona aibu kwamba sina hakika. Sikujua nyumba yake. Nilimuuliza kijana wa bodaboda, akanielekeza: pita zahanati, shuka bondeni, nyumba ya tofali isiyopigwa lipu, mlango wa bati.

Nilifunga kashata kwenye karatasi, nikachukua chupa na kikombe kimoja. Njia nzima nilimfikiria babu wa kahawa, aliyeuliza habari za kila mtu, na ambaye siku aliyokosa kuja hapakuwa na mtu wa kuuliza. Deni hilo siwezi kulilipa kwake. Labda halilipwi kwa yuleyule tuliyekopa kwake. Labda ndiyo maana kikombe hunywewa na kupokezwa mwingine.

Taa ilikuwa inawaka ndani. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, nikasikia kikohozi, na sauti dhaifu ikauliza, “Nani?”

“Ni mimi, jirani,” nikasema. “Kahawa yako imebaki.”